Usukani wa Picha ya Kumi na Nne

5 Aprili 1988

Mjomba Spana,

Shikamoo. Usianze kusema kwamba sikuandikii mpaka niwe na shida, kwa sababu ni kweli na hatutafika popote tukianzia huko. Nina shida.

Hapa makumbusho tumepokea sanduku la filamu za Vita Kuu ya Pili, upande wa Waingereza na wenzao. Ni malori tu. Malori barabarani, malori kwenye matope, malori yamejipanga foleni utadhani yanangoja chanjo. Hakuna neno hata moja lililoandikwa popote. Mkuu wetu ameshatangaza maonyesho katikati ya Juni, na kazi ya kuandika maelezo amenitupia mimi: hili ni lori gani, la nchi gani, la mwaka gani. Mimi, ambaye mpaka leo sijui boneti inafunguliwa kutoka wapi. Nikamwambia nina mjomba aliyelala chini ya malori zaidi ya alivyolala kitandani. Kwa hiyo jina lako liko mezani kwake, usiniangushe.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala kumi na nne, nimeziandika namba nyuma kwa penseli. Zimesafishwa na Miwani, yule mtu wetu wa chumba cha giza. Alizifanya zote kwa siku moja huku akilalamika kwamba dawa zinamwishia, kwa hiyo ukiona doa si risasi, ni Miwani.

Nilipokuwa nawatazama madereva nilimfikiria Babu. Namjua kwa ile barua ya jeshi tu, kwamba Agosti 1940 lori lake lilishika moto akiwa ndani. Kaburi hakuna, saa yake hakuna, hata kifungo cha shati hakikurudi. Labda ndiyo maana Bibi yuko vile alivyo. Nimeishi naye tangu Mama afariki, miaka kumi na mitano sasa, na bado gari likisimama nje na injini ikazimwa, anainuka, anashika kitasa cha mlango, anasikiliza. Kisha anarudi kukaa na kusema alikuwa anataka maji. Kila Ijumaa analitoa koti la Babu sandukuni, analipiga brashi, analirudisha. Mlinzi wa getini kwetu humtania kwamba lile koti lina kazi ya kudumu na yeye hana.

Simu ya ofisi ina kufuli na ufunguo anao mkuu. Andika.

Mpwa wako,
Chiriku

---

13 Aprili 1988

Chiriku,

Marahaba. Bahasha yako ilifika wakati niko chini ya lori la mkaa, nikaifungua na mikono ile ile. Ukiona alama za grisi jua ni saini ya mjomba wako.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Haya malori nayajua kwa sababu vita vilipokwisha waliyaacha, wafanyabiashara wa mbao wakayachukua, na mimi nilijifunza kazi juu yake nikiwa na miaka kumi na minne. Mtu akitaka kulijua lori picha ikiwa mbovu, asikimbilie jina. Kwanza anatazama usukani uko upande gani. Usukani kushoto, huyo ni Mmarekani. Kulia, ni Mwingereza, au Mkanada aliyetengenezewa Mwingereza. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi na hujatoka jasho. Pili anatazama kioo cha mbele. Tatu anahesabu tairi. Wengi wanaanza na tairi kwa sababu ndizo zinazoonekana, ndiyo maana wanabishana mpaka jioni.

Namba moja, mbili na saba ni GMC za Kimarekani. Usukani kushoto, pua ndefu, ekseli mbili nyuma, tairi kumi ukizihesabu zote. Hilo lori lilikuwa na moyo. Namba tatu na sita ni Bedford. Namba nne ni Bedford pia, ila aliyelipakia hakuwa na akili. Namba tano si lori, Chiriku, ni trekta. Mwambie mkuu wako.

Namba nane mpaka kumi na tatu ni Mkanada, Ford au Chevrolet, walikuwa ndugu. Tazama kioo cha namba tisa: juu kimejitokeza mbele, chini kimerudi ndani, kama mtu aliyekunja uso kwa sababu ya jua. Walifanya hivyo ili kioo kisimulike ndege zikaliona lori kutoka angani. Zile za mwanzo kioo chake kilisimama wima. Hiki cha kuinama kilikuja baadaye, kabla mwaka 41 haujaelekea ukingoni hakikuwepo. Kwa hiyo ukikiona kioo hicho, umeshaujua na mwaka. Na Mkanada huyo usukani wake ni kulia, sijawahi kukutana na wa kushoto.

Namba kumi na nne ni Bedford ya kawaida, mwaka 39. Haina maana. Ukiweza iache.

Mama ameziona hizi picha?

Mjomba wako,
Spana

---

22 Aprili 1988

Mjomba,

Shikamoo. Umenitoa kwenye aibu. Mkuu amesoma karatasi yako akatikisa kichwa, akaniuliza kama una shahada. Nikamwambia una gereji. Habari za trekta nimezifikisha, hakucheka.

Bibi hajaziona. Macho yake hayamruhusu tena kusoma picha, anaona mwanga na watu wakikaribia. Kwa nini umeuliza?

Ila nina jambo. Wewe mwenyewe umenifundisha, kwa hiyo ukikasirika jikasirikie. Nimeilaza namba kumi na nne kando ya namba tisa. Dereva kasimama, kofia imemfunika macho, mkono wa kushoto kauweka juu ya madigadi, na kidole cha mwisho hakipo. Nyuma yake ni kioo kilichokunja uso. Ni kile kile, Mjomba. Namba tisa usukani wake uko kulia na hili uko kushoto, hilo sikulielewa, lakini kioo ni kimoja na pua ni moja. Hii si Bedford. Na si mwaka 39, kama kioo kinasema kweli.

Sasa umekosea, au umenipima?

Nauliza kwa sababu mkuu ameipenda hiyo picha kuliko zote. Anataka ikuzwe ukubwa wa mlango na iwekwe pale mtu anapoingia. Anasema yule dereva anamtazama mtu hata kama macho hayaonekani.

Chiriku

---

27 Aprili 1988

Chiriku,

Kioo kilibadilishwa. Magari ya vita yalikuwa yanafungwa kioo cha hili kwenye lile, mimi mwenyewe nimefanya. Andika Bedford 1939 uendelee na kazi nyingine.

Na mwambie mkuu wako asiikuze. Kama anataka picha ya mlangoni aweke ile ya GMC inayovuka mto. Ni picha nzuri, watoto wataipenda.

Nina kazi nyingi.

Spana

---

5 Mei 1988

Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikatafuta mzaha ndani yake. Hamna.

Mimi si mteja aliyeleta gari akaambiwa arudi kesho. Mtu huwezi kubadilisha kioo ukabadilisha na pua, na boneti, na kibanda chote cha dereva. Hata mimi nimeshalijua hilo, wiki tatu tu tangu unifundishe. Wewe ambaye ukiwa chooni unasikia lori likipita na kusema valvu ya tatu inavuja, uniambie mimi hili ni Bedford? Hujakosea. Umenidanganya, na umefanya vibaya kwa sababu kudanganya huwezi, hujazoea.

Maelezo yanakwenda kwa mchapaji tarehe ishirini. Chini kabisa wameandika: kwa msaada wa fundi fulani, na jina lako. Nikiandika uongo wako, atakuja mzee mmoja aliyewahi kuendesha, atacheka mbele ya mkuu, na mimi nitarudi kwenye mapokezi kukata tiketi. Miaka mitatu nimeingoja kazi hii, Mjomba.

Una nini na picha hiyo? Na mbona uliuliza kama Bibi ameiona?

Chiriku

---

11 Mei 1988

Mpwa wangu,

Kaa chini.

Yule dereva ni baba yangu. Babu yako.

Aliondoka nikiwa na miaka mitano. Uso wake sina, nikikwambia ninao nitakuwa natunga. Kilichonibakia ni mkono wake. Alikuwa ananishika kichwani kwa mkono wa kushoto, na pale ambapo kidole cha mwisho kingegusa sikio langu, hapakuguswa. Mkanda wa feni ulimkata kabla sijazaliwa. Nimekua na ile nafasi kwenye sikio mpaka leo. Nilipofika namba kumi na nne niliuona ule mkono juu ya madigadi, nikaenda nje nikakaa juu ya tairi. Vijana wa gereji walidhani ni presha.

Nilifurahi kwanza. Nataka ujue hivyo. Kwa muda wa kama kuvuta sigara moja nilikuwa mtoto mwenye picha ya baba yake. Halafu nikakitazama kioo.

Umeshaelewa. Jeshi lilituambia aliungua Agosti 1940. Lori hilo halikuwepo Agosti 1940. Kama kasimama mbele yake, basi alikuwa hai mwaka mmoja na zaidi baada ya sisi kunyolewa nywele na watu kuja kukaa na mama. Hakufa. Aliamua kufa. Sijui aliwapa nini wale walioandika, au alichukua jina la mwenzake aliyeungua kweli, sijui. Najua kwamba alikuwa na mke, na mimi, na mama yako tumboni, na hakurudi.

Kuna kingine sijawahi kumwambia mtu. Nikiwa na miaka kumi kulikuwa na mwalimu akija kumsalimia mama. Mtu mpole, ana baiskeli. Alitaka kumwoa na watu wote walijua. Kila alipokuja niliitoa upepo baiskeli yake, tairi zote mbili, naye aliisukuma kwa miguu mpaka kwake bila kunisemea. Mara ya nne au ya tano hakuja tena. Nilikuwa nalinda nafasi ya baba. Nilimnyima mama yangu mume kwa ajili ya mtu aliyekuwa anapiga picha na lori jipya.

Ndiyo maana nikaandika Bedford. Kama lori ni la mwaka 39, baba bado ni marehemu mwema. Nilidhani naweza kumzika tena kwa kalamu.

Andika ukweli wa lori, sitaki ukose kazi. Lakini mama asijue. Ana miaka sabini na moja. Amtolee nani hasira sasa?

Mjomba wako

---

18 Mei 1988

Mjomba,

Barua hii nampa dereva wa basi akuletee mkononi, posta siiamini.

Tangu niisome barua yako situlii. Nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nafunga. Ofisini nimemwaga wino kwenye rejista. Nikirudi nyumbani namkuta Bibi na ile brashi mkononi, anatoa mavumbi kwenye kola ya mtu aliyemtoroka, na mimi natakiwa nikae nimsomee gazeti.

Jana lori lilisimama nje. Aliinuka. Alishika kitasa. Nilitaka kupiga kelele. Miaka arobaini na minane, Mjomba, anainuka. Unasema asijue ili asiumie, na mimi nakuuliza, hapo anapoinuka haumii?

Wewe ulimwamulia mara moja, kwa baiskeli. Samahani kwa neno hilo lakini silifuti. Usimwamulie tena.

Nitamwambia Jumapili, tukishamaliza chai ya asubuhi. Nitamwambia taratibu.

Chiriku

---

TELEGRAMU
Jumamosi 21 Mei 1988

USIMWAMBIE CHOCHOTE STOP USUKANI KUSHOTO STOP SI BABA STOP BARUA INAKUJA STOP SPANA

---

Jumamosi 21 Mei 1988

Chiriku,

Nimetoka posta kupiga telegramu. Karani anasema huenda mtaipata leo, huenda Jumatatu. Nimemwomba leo. Kanitazama tu.

Dereva aliponipa barua yako nilikasirika, ile ya baiskeli imeniingia. Nikachukua picha nikaiweka juani kwenye benchi la gereji, nikashika lenzi niangalie kama naweza kumtukana usoni. Sikuona uso. Nikaona usukani.

Uko kushoto, Chiriku. Uliniandikia tangu Aprili, tena kwa herufi zako nzuri, na mimi nikapita juu yake kama kipofu. Mkanada mwenye kioo hicho hana usukani wa kushoto. Nimewafungua injini hao hao miaka kumi na mbili, nimekaa kwenye viti vyao, sijaona. Kwa hiyo si lori lililokosea. Picha imegeuzwa. Miwani ameilaza filamu chali badala ya kifudifudi, na kila kitu kimehama upande.

Na kama usukani umehama, mkono nao umehama. Ule niliouona wa kushoto ni wa kulia. Mtu yule amekatika kidole cha mkono wa kulia. Baba alikatika wa kushoto. Si yeye. Ni dereva mwingine kabisa, Mungu amrehemu popote alipo, nimemtukana wiki tano bure.

Kitu cha kwanza mtu anatazama ni usukani. Nimewafundisha vijana wote waliopita hapa, nikakufundisha na wewe. Picha kumi na tatu nililiangalia lori. Ya kumi na nne nilimwangalia mtu, na lori nikalisahau, isipokuwa kile kioo kilichonifaa kumhukumu.

Baba aliungua Agosti 1940 kama walivyosema. Sijui nicheke au nilie, nimeangusha skrubu mbili na sijaziokota.

Tafadhali uwe umechelewa. Uwe umeugua tumbo. Uwe umeogopa.

Spana

---

Jumatatu 23 Mei 1988

Mjomba,

Telegramu imeletwa ofisini leo saa nne. Nimeyaelewa maneno, maana yake sijaielewa. Kwa vyovyote imechelewa siku moja.

Nimeshamwambia. Jana, baada ya chai, kama nilivyosema.

Nilidhani atakataa. Aliuliza kitu kimoja tu: mkono gani? Nikamwambia wa kushoto, kidole cha mwisho. Akakitoa kikombe chake mezani akakiosha mwenyewe, jambo ambalo simwachii kwa sababu ya macho. Kisha akafungua sanduku, akalitoa koti, na haikuwa Ijumaa. Alishuka nalo ngazi akiwa ameshika ukuta. Nilimfuata nyuma, alinizuia kwa mkono. Alimpa mlinzi. Alimwambia, chukua, usiku kuna baridi, na mwenyewe halihitaji.

Alirudi akalala saa sita mchana mpaka saa kumi na moja. Jioni magari mawili yalisimama nje. Hakuinuka. Nilikaa nimeshika kiti changu nikimwangalia, na hakuinuka.

Nilifurahi, Mjomba. Nilijiona nimefanya jambo. Sasa nimeshika karatasi hii ya posta, naisoma na kuirudia. Si baba, maana yake nini?

Chiriku

---

31 Mei 1988

Mjomba,

Barua yako niliipata Alhamisi, nikaenda nayo moja kwa moja chumba cha giza. Miwani aliitoa filamu ya kumi na nne akaishika kwenye taa. Filamu ina upande unaong'aa na upande mfifi, na mtu akizilaza moja moja kwa siku nzima, anasema, mkono unajiendea wenyewe. Aliisafisha upya mbele yangu. Karatasi ikiwa kwenye maji nilianza kuuona usukani ukija upande wa kulia, taratibu, na mkono wa kulia juu ya madigadi, na vidole vinne. Miwani akaniuliza kama nalia kwa sababu ya dawa. Nikasema ndiyo.

Mchapaji nilimzuia kwa kumwambia mkuu kwamba picha iligeuzwa. Sasa maelezo yanasema: Lori la Kikanada, Ford au Chevrolet, si kabla ya mwisho wa 1941. Dereva hajulikani. Mkuu amefurahi kwamba tumeligundua sisi kabla ya watu, na jina lako limebaki. Kazi yangu imesalimika, na kwa mara ya kwanza haina ladha.

Kwa siku tano nimeshindwa kumwambia Bibi. Analala vizuri, Mjomba. Anakula. Amemsema Babu mara mbili kwa jina alilokuwa akimwita, na mara zote mbili amemtukana, na baada ya hapo anaonekana mwepesi. Kila nikifungua mdomo najiuliza, nikimwambia si yeye, namrudishia kitasa cha mlango?

Lakini nilikuandikia usimwamulie. Siwezi kuanza mimi.

Namwambia kesho. Njoo. Mimi na wewe tumefanya hili, wewe kwa macho na mimi kwa haraka.

Chiriku

---

10 Juni 1988

Mwanangu,

Anayeandika ni Chiriku lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiongeze chumvi. Nitamwambia anisomee nikimaliza.

Nimesikia hutaki kuja kwa sababu unaona aibu. Aibu utaiona ukija, huko uliko haikusaidii. Bawaba ya mlango wa jikoni imelegea tangu mwaka jana, njoo na spana zako utapata pa kuangalia wakati nakusema.

Chiriku alinipigia magoti kunieleza habari za usukani. Nilimwambia anieleze mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia, nilikuwa namsikiliza baba yenu akifa.

Nyinyi mnadhani mlinipa siku kumi mbaya. Nataka niseme hili kwa utulivu kwa sababu mtoto huyu analia juu ya karatasi. Siku kumi baba yako alikuwa hai na alikuwa mwovu, na mimi nikapumzika. Tangu ile barua ya jeshi sikuwahi kumlilia. Watu walikuja kukaa na mimi, wakalia wao, mimi nikawa napokea viti. Nilisema moyoni, nikilia nimekubali, na mtu hakuletwa, basi nitakubali nini? Nikamwekea koti. Ulipoanza kufanya kazi ya malori nilijua ulianzia wapi, kwa sababu kila lililopita tulikuwa tunainua vichwa wote wawili. Wewe uliacha. Mimi ndiye niliyebaki.

Mlipomwua tena, safari hii nilimlilia. Siku ile na kesho yake. Nimelia mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza, nikamwambia nimefiwa na mume wangu. Akanipa pole, akauliza lini. Nikamwambia Agosti. Akahesabu miezi kwa vidole vyake, akashuka.

Ya mwalimu, Chiriku amenisomea barua yako. Nilijua. Unadhani nilikuwa sioni mtoto wangu anaingia na mikono imejaa vumbi la tairi? Ningekuwa namtaka ningekuchapa mara ya kwanza. Baiskeli ile ilinisaidia, sikuwa na la kumwambia mtu wa watu. Uliubeba mzigo wa mtu mwingine miaka yote hiyo, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Samahani. Ningejua ungali nao ningekutua zamani.

Koti, mlinzi alisikia habari akalifua, akalikunja, akalileta mlangoni. Nimemrudishia. Kwangu lilikuwa halijawahi kutoka nje ya mlango. Sasa asubuhi nikikaa dirishani naona kivuli chake kikivuka uwanja kwenda kufungua geti, mikono yake ikipungapunga, na nimegundua kwamba lilikuwa koti refu. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mrefu.

Yule wa kwenye picha, mwenye kidole kilichokatika kulia. Chiriku anasema watamweka mlangoni, mkubwa. Vizuri. Ila hakikisheni mmemweka upande wake sawasawa. Naye ana mama yake, ana watoto wake mahali, na kuna mtu aliyeshikwa kichwani na mkono ule. Akija hapo mlangoni siku moja amkute alivyo, asije akapita kama sisi tulivyopita.

Nilikuwa nataka kuishia hapa. Lakini sasa hivi, tukiwa tunaandika, lori limesimama nje na injini imezimwa. Chiriku ameiacha kalamu na kunitazama. Nimemwambia hilo ni la taka, breki zake nazijua, yeye aandike.

Mama yako